Kijana aliyeshindikana na mnyama asiyelazimishwa

Mwanzoni mwa msimu wa korosho uliopita, baada ya swala ya Ishaa, wajumbe wa kamati ya msikiti wetu hapa Newala tuliketi barazani kumjadili kijana mmoja wa miaka 15. Ajenda iliandikwa kwa maneno machache: kumwondoa madrasa. Mama wa kijana huyu anaishi Masasi, naye aliletwa huku juu akae kwa mjomba wake, kwani kwa desturi za watu wa kusini mjomba ndiye mwenye sauti ya mwisho juu ya mtoto wa dada yake. Shule alikwishaiacha akiwa kidato cha kwanza. Katika muda wa miezi mitatu alikuwa ameiba korosho za mjomba na kuziuza kwa wanunuzi wa kangomba, fedha akazinywea uraka. Alikuwa amemtukana ustadhi mbele ya wanafunzi. Na siku mbili kabla ya kikao alikuwa amemsukuma mtoto wa miaka minane ukutani, jino likang'oka. Alhamdulillah, lilikuwa jino la utotoni.

Mjomba alihudhuria. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba yeye amekwisha kufanya lililo katika uwezo wake. Fimbo tatu zimekatikia mgongoni mwa mtoto yule, na mtoto hata kulia halii tena. Neno hilo la mwisho lilitukaa moyoni kuliko yote yaliyosemwa usiku ule, ingawa wakati huo hakuna aliyelijibu.

Kabla hatujafikia uamuzi, mjumbe mdogo kuliko wote alitoa simu yake akatuonesha video. Walikuwamo vijana wa Kimarekani wenye umri kama wa huyu wetu, baadhi yao waliofukuzwa shule, wengine waliotoka mahabusu ya watoto, wamesimama uwanjani pamoja na farasi. Hawakuwapanda. Walikuwa wakijaribu tu kumfanya farasi awafuate bila ya kumvuta. Wazee walicheka. "Farasi Newala?" akauliza imamu wetu. "Katibu, hilo usiliandike." Hatukuliandika, lakini halikututoka, na makala haya ni matunda ya kulifuatilia.

Wazee walikuwa na haki ya kucheka. Miongoni mwa wajumbe yumo bwana mifugo mstaafu, mtu aliyeihudumia Masasi na Newala kwa miaka mingi, naye ndiye aliyetufafanulia. Farasi katika nchi yetu utawaona Arusha na Kilimanjaro, kwenye ubaridi, na Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi. Huku kusini wana maadui wawili. Wa kwanza ni mbung'o, abebaye vijidudu vya nagana, ugonjwa ulio ndugu wa malale ya binadamu. Wa pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ambao huweza kumuua farasi kwa siku chache tu ilhali punda aghalabu huustahimili.

Tena jambo hili lilikwisha kujaribiwa mlangoni petu. Mwaka 1866 David Livingstone, katika safari yake ya mwisho, aliteremka ghuba ya Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa wa Bara Hindi, baghala na punda. Farasi hakuleta, kwa kuwa habari za farasi na mbung'o zilikuwa zimekwisha kujulikana. Alitaka kuona kama hao wengine wangevumilia, akapita nao katika nchi ya Wamakonde kuelekea bonde la Ruvuma. Wanyama wale walianza kufa mmoja baada ya mwingine. Lakini katika shajara yake Livingstone aliandika kwa uchungu kwamba askari aliokuja nao kutoka Bara Hindi waliwapiga wanyama wale na kuwatwisha kupita kiasi, hata wakawa na majeraha mwili mzima, na kwa sababu hiyo hakuweza kupambanua kati ya athari ya mbung'o na athari ya fimbo. Jaribio zima likaharibika. Bwana mifugo alipotusimulia haya alinyamaza kidogo, akamtazama mjomba, kisha akatutazama sisi sote. Hakuongeza neno.

Nusu karne baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yalipoteza farasi maelfu kwa maelfu katika ardhi hii, na mizigo ikaangukia vichwani mwa wapagazi. Wajerumani walipopita Newala mwezi Novemba 1917 ili wavuke Ruvuma, wabebaji wa mizigo yao nao walikuwa binadamu. Basi mtu asitutarajie tuhubiri habari ya kuleta farasi kwenye uwanda wa Makonde. Tulichotaka kujua ni kitu kingine: mnyama yule anampa nini kijana ambacho sisi tumeshindwa kumpa?

Kazi hii haikuanza kwa vijana watukutu. Ilianza kwa wenye ulemavu wa viungo. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, Lis Hartel wa Denmark, mwanamke ambaye polio ilimpooza miguu kuanzia magotini kwenda chini, alipata medali ya fedha katika mashindano ya farasi, na tangu hapo wengi wakaanza kumtazama farasi kama msaada kwa mgonjwa. Wanaoshughulika na nafsi walifuata baadaye. Mwaka 1999 huko Utah, Marekani, iliundwa jumuiya iitwayo EAGALA, ambayo kwa utaratibu wake kijana hufanya kazi akiwa amesimama ardhini, na kila kikao huwa na watu wazima wawili: mtaalamu wa afya ya akili na mtaalamu wa farasi. Kijana humpiga mnyama burashi, humsafisha kwato, humwongoza kuzunguka magogo na vizuizi. Mara nyingine huachwa tu naye uwanjani.

Farasi ameumbwa awe windo la wengine. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote. Masikio yake hugeuka kila moja kwa upande wake. Mnyama wa namna hiyo husalimika kwa kuusoma mwili wa kila amkaribiaye. Kijana akimwendea mabega yamepanda, ngumi zimekunjwa, pumzi fupi, farasi huondoka. Haondoki kwa chuki, wala hamhesabii makosa ya jana. Huondoka kwa sababu ya anachokiona sasa hivi. Kijana akishusha mabega na kupumua, farasi husimama, pengine hurejea. Hapo mtaalamu hatoi hotuba. Huuliza swali moja tu: kabla hajarudi, ulifanya nini?

Kijana mgumu, kwa tulivyowaona wa kwetu, amewazoea watu wazima wa aina mbili: wanaomshinda nguvu na anaowashinda yeye. Ameishi katika mizani hiyo tangu utotoni, na kila mtu mpya humpima hapo. Farasi hapimiki. Ana kilo 400 hadi 500, hivyo mtoto wa miaka 15 hawezi kumshinda hata akipandisha mori namna gani. Na yeye kwa upande wake hataki kumshinda mtu. Kijana hubaki na njia moja tu, ambayo pengine hajawahi kuhitajika kuitumia maishani mwake: awe mtu ambaye mwingine anapenda kusimama karibu naye.

Je, yapo mapato ya kweli, au ni maneno matamu ya wenye fedha? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, wakiongozwa na Patricia Pendry, walitangaza matokeo ya kazi yao kwa wanafunzi wapatao 130 wa kawaida, wasio na kesi yoyote, waliopelekwa kwenye farasi dakika 90 kila wiki kwa wiki 12. Walipima mate yao ili kujua kiasi cha kotiso, kemikali ambayo mwili huitoa unapokuwa na wasiwasi. Waliohudhuria walikutwa na kiasi kidogo zaidi nyakati za alasiri kuliko wenzao waliokuwa bado wakingoja zamu. Hata hivyo, mwaka huohuo wataalamu wengine wa Marekani, Michael Anestis na wenzake, walipitia tafiti 14 kuhusu tiba za farasi kwa maradhi ya akili, wakasema wazi kwamba nyingi zilikuwa na kasoro na kwamba ushahidi hautoshi kuifanya farasi dawa. Tunayaweka yote mawili mbele ya msomaji. Kijana anayesikia sauti zisizokuwapo, anayetaka kujidhuru, au ambaye bangi na pombe zimekwisha kumtawala, apelekwe hospitali, tena mapema. Na palipo na kipigo kinachopita mipaka, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili, ziwe zimetolewa na mzazi au na mwalimu. Na mwalimu wa madrasa yumo humo humo.

Kwa Mwislamu mnyama huyu si mgeni hata kama hajapata kumwona. Aya ya 8 ya Surat An-Nahl inamtaja pamoja na baghala na punda miongoni mwa neema za Mola, kwa ajili ya kupandwa na kuwa pambo. Surat Al-Adiyat imefunguliwa kwa kuapiwa farasi waendao mbio. Watoto wetu wa madrasa huihifadhi sura hiyo kabla hawajajua farasi anafananaje; tulipowauliza, mmoja akatujibu kwamba ni ng'ombe asiye na pembe.

Lakini dalili iliyotugusa zaidi inahusu ngamia. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia aliyekuwa mgumu, akawa anamrudisha huku na kumpeleka kule, na Mtume (s.a.w.) akamwagiza ashikamane na upole. Tumeisikia hadithi hii mimbarini mara nyingi ikitumika kueleza fadhila za upole kwa jumla. Tukiitazama kwa jicho la mlezi tunaona jambo zaidi: yupo mpanda kijana, yupo mnyama anayekataa, na yupo mkubwa anayesimama kando. Mkubwa yule hakumpokonya kijana hatamu, wala hakumtiisha mnyama kwa niaba yake. Alimwambia neno moja akamwachia aendelee.

Na katika Sunan Abi Dawud imo habari ya ngamia katika bustani ya Ansari mmoja, aliyemwona Mtume (s.a.w.) akatoa sauti ya huzuni na machozi yakamtoka. Mtume alimpangusa hadi akatulia, kisha akamwita mwenye ngamia na kumkumbusha amche Mwenyezi Mungu katika mnyama aliyemmilikishwa, kwani alikuwa anamtia njaa na kumchosha kwa kazi. Mnyama, basi, ana haki zake. Hatumfanyi chombo cha kutibia watoto halafu tukamtupa akilemaa. Kadhalika tunajua kwamba Mitume wote walichunga kondoo au mbuzi, naye Mtume wetu aliwachungia watu wa Makka kwa ujira. Wanazuoni wamesema mengi kuhusu hekima ya jambo hilo, na wengi wanarejea kwenye subira.

Kwa ndugu zetu wa Lamu, mnyama wa kuishi naye bega kwa bega ni punda. Katika mji ule wa kale magari hayapiti vichochoroni. Mchanga, mawe, maji na unga vyote hubebwa na punda, ambao kisiwani wanakadiriwa kufika 3,000. Mwaka 1987 ilifunguliwa pale zahanati ya punda, inayotibu bure, chini ya taasisi ya The Donkey Sanctuary iliyoasisiwa Uingereza mwaka 1969 na Elisabeth Svendsen. Mama huyo huyo, katika miaka ya 1970, ndiye aliyeanzisha huko Devon kituo ambacho watoto wenye mahitaji maalumu hupelekwa wakae na punda. Kwa hiyo mkono uliojenga zahanati ya Lamu ni mkono ulioamini kwamba punda anaweza kumtuliza mtoto.

Lamu wanajulikana kwa mashindano ya mbio za punda wakati wa sherehe za maulidi, ambapo vijana wadogo hupanda bila tandiko na kupita mbio ukingoni mwa bahari. (Msomaji asitushike kanzu kuhusu hukumu ya maulidi, suala hilo lina ukurasa wake katika gazeti hili, na halijapata kukosa wachangiaji.) Lakini lipo shindano jingine lisilo na kelele, ambalo zahanati ile huliandaa: hutunzwa mwenye punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, mwenye ngozi safi isiyo na vidonda, kwato zilizokatwa na macho maangavu. Anayeshinda si lazima awe na punda mwenye nguvu. Sisi tumesoma habari za shindano hilo kwa wivu. Katika miji yetu kijana hupewa zawadi kwa kuhifadhi juzuu, kwa kufunga mabao, kwa kupita mtihani. Hatukumbuki kijana aliyesimamishwa mbele za watu akapongezwa kwa kuwa kiumbe aliye chini ya mkono wake hana kidonda.

Turejee barazani. Usiku ule kamati haikumfukuza kijana. Haikumsamehe pia. Iliamuliwa asome peke yake na ustadhi baada ya Alasiri, na apewe mbuzi sita wa wakfu wa msikiti awachunge. Tuliona tumefanya hekima kubwa. Tulitaja hata Sunna ya Mitume katika muhtasari. Wiki tatu zilipita vizuri. Wiki ya nne mbuzi jike mmoja alirudi akichechemea, na tulipomkagua tukakuta amepigwa kwa kigongo. Kikao cha dharura kiliitwa. Palikuwa na maneno makali sana, na aliyekuwa mkali kuliko wote ni sisi wenyewe tunaoandika makala haya, kwa sababu pendekezo la mbuzi lilikuwa letu.

Bwana mifugo alisubiri hadi tulipomaliza. "Kosa ni la kwetu," alisema. "Mbuzi anaburutwa. Mtoto aliyeburutwa maisha yake yote, tumempa kitu cha kuburuta."

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Tulichukua sehemu ya jambo iliyo rahisi, mnyama, tukaacha ile iliyo na nguvu, nayo ni kwamba mnyama yule halazimishiki. Kwa mbuzi kijana aliendelea na mizani yake ileile. Safari hii tu yeye ndiye aliyekuwa juu.

Tangu mwaka 2006, wafugaji walipoanza kuondolewa Usangu na Ihefu na kuelekezwa kusini, wameongezeka huku watu wenye ng'ombe wengi, na baadhi yao wana punda wa kubebea maji na mahindi. Bwana mifugo anamfahamu mmoja wao, Msukuma, aliyejenga tambarare, chini ya mteremko, upande wa Masasi. Si Mwislamu, lakini ni jirani mwema, na alikubali jambo lililowashinda wengi wetu: kijana aje kila asubuhi, asilipwe, asifokewe, akabidhiwe punda mmoja. Mama mtu aliridhia, mjomba naye akaridhia kwa kuguna, na kijana akateremka kurudi kwa mama yake. Bwana mifugo, ambaye ana nyumba Masasi, alijitolea kuwa karibu.

Siku ya kwanza kijana alimvuta punda kwa kamba kutoka zizini. Punda akasimama. Akamvuta zaidi, punda akakita miguu, masikio nyuma. Hapa inafaa msomaji ajue jambo ambalo sisi hatukulijua. Farasi akiogopa hukimbia, bali punda akiogopa husimama akapima hatari, na ndiyo maana duniani kote ameitwa mkaidi. Yule mfugaji alikuwa ameketi kivulini akipasua kuni. Alimwambia kijana, bila ya kuinuka, kwamba ukimvuta unamthibitishia kuwa mbele kuna hatari. Kijana alitupa kamba akaondoka zake. Siku ya pili alirudi, akavuta, akashindwa. Siku ya tatu vilevile, isipokuwa safari hii aliokota fimbo, akaitazama, na bwana mifugo anasema yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kumzuia. Hakuitumia. Siku ya nne aliketi chini kwenye vumbi, kamba imelegea mkononi, akakaa hivyo muda mrefu, hata punda akamsogelea akamnusa kichwa. Baadaye wakaenda wote wawili kisimani.

Haya tuliyasikia kwa bwana mifugo, wala hayakutoka kwa kijana. Sisi tulipomuuliza ilikuwaje siku ile ya nne, alitujibu neno moja tu: "Nilichoka."

Wazazi wanaofikiria jambo kama hili wazingatie machache. Mkubwa awepo, asiyefoka, asiyependa kuhutubu. Kamba isizungushwe mkononi wala kiunoni, kwani punda akishtuka humkokota mtu. Asisogelewe kwa nyuma. Mnyama awe amekaguliwa na afisa mifugo, na mwenye mnyama awe ameridhia kwa moyo. Na zoezi lichukue miezi. Kijana anayepelekwa siku mbili kisha akaondolewa hujifunza kwamba na hili nalo lilikuwa la kupita.

Hatutaki kupaka rangi. Kijana hajarudi shuleni, na tukimgusia hilo huangalia pembeni. Mwezi wa tatu alipigana kwenye kituo cha bodaboda, akalala na jicho limevimba. Yule mtoto aliyemng'oa jino hajamwomba radhi hadi leo, nasi tumekubaliana tusimlazimishe kuitamka radhi asiyoihisi. Lakini swala ya Alfajiri anahudhuria katika msikiti wa jirani, akipitia hapo kabla ya kwenda kwa mfugaji. Na wakati wa mvua alimwendea bwana mifugo akaomba dawa ya kidonda: punda alikuwa amechubuka mgongo kwa mizigo. Aliipaka mwenyewe kila siku, akamwambia mtoto wa mfugaji, aliye mkubwa kuliko yeye, kwamba punda huyo hatabeba magunia mawili mpaka apone. Wakabishana. Hakuna aliyepigana.

Majuma mawili yaliyopita mjomba aliteremka Masasi kumchukua. Msimu wa kupulizia salfa mikorosho umefika, naye ana ekari zake na hana mikono ya kutosha, hatuwezi kumlaumu. Tulifuatana naye. Tulipofika njiani, mbali kidogo na zizi, alimwona kijana anampiga punda burashi akamwita kwa jina, kwa ile sauti ambayo kila mtoto wa huku anaijua. Vichwa viwili viliinuka kwa pamoja, cha kijana na cha punda. Punda akarudi nyuma hatua mbili.

"Mjomba," alisema kijana, taratibu, mkono wake ukiwa shingoni mwa mnyama, "shikamoo. Usipige kelele, ataogopa."

Mjomba alisimama palepale. Sisi tulitarajia makubwa, kwani hatujapata kusikia mtoto wa huku akimwelekeza mjomba wake namna ya kusema. Alikaa kimya kwa muda, kisha akavua kofia akajipepea, akaanza kusogea polepole, hatua kwa hatua, mikono chini, mpaka akafika. Hakuna aliyesema neno. Punda alimnusa mkono. Mjomba akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ana miaka mingapi?" Kijana akamfunulia meno ya punda akaanza kumweleza.

Wameafikiana kwamba kijana apande Newala kwa siku za salfa tu, kisha arudi. Mjumbe wetu mdogo ameleta pendekezo la maandishi kwamba msikiti ununue punda wake mwenyewe, jike, atakayebeba maji ya udhu, kwa kuwa maji huku juu bado ni ya shida. Mweka hazina anapinga. Imamu ameuliza atalala wapi. Kikao ni Ijumaa ijayo baada ya swala ya Magharibi, na safari hii tumeliandika: ajenda namba nne.